Vipuri vya mashine ya kwanza ya kuvunjia nywila: ununue nini, uache nini, ukiwa Mombasa

Anayetaka kuunda mashine ya kwanza ya kuvunjia nywila huanza na swali la kadi ya michoro (GPU), ndiyo inayofanya kazi ya kukisia nywila: RTX 4090 au 3090 za NVIDIA, mbili au nne? Kwa Mombasa hilo ni swali la tatu. La kwanza ni umeme wa chumba, na la pili ni joto la chumba hicho mwezi wa Februari saa nane mchana, kuta zikiwa zimeshika moto na upepo wa Kaskazi haupiti dirishani. Kadi inayosifiwa mitandaoni na mtu wa nchi ya baridi hupunguza mwendo yenyewe ikifika hapa, na pesa ulizolipia ule mwendo wa ziada huwa zimekwenda na maji.

Kwa hiyo vipuri vinapimwa hapa kwa mizani hiyo: vinavyopatikana madukani Moi Avenue na Digo Road, vinavyoshushwa na basi la usiku Mwembe Tayari kutoka Nairobi, na vinavyoagizwa kutoka nje. Kazi yenyewe ni ukaguzi wa nywila kwa mteja aliyekupa idhini kwa maandishi. Bila karatasi hiyo unavunja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, na hashi za wafanyakazi wa watu, yaani nywila zao zilizogeuzwa kuwa msimbo usiosomeka, ni data binafsi, kwa hiyo ile Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inakuhusu.

Kwanza jua utavunja nini

Hesabu ndogo itakuokolea pesa nyingi. RTX 4090 moja, kwa programu ya hashcat, hujaribu hashi za NTLM takriban bilioni 288 kwa sekunde. NTLM, aina ya hashi ambayo Windows huhifadhia nywila, ndiyo utakayoikuta kwenye mtandao wa Windows wa kampuni ya klaringi na fowadingi pale Kilindini, au wa hoteli. Michanganyiko yote ya herufi 8 kutoka alama 95 za kibodi humalizika kwa saa 6 na dakika 24 hivi. Ukiwa na kadi mbili, ni saa 3 na dakika 12. Ongeza herufi moja tu, ziwe 9, na kadi hizo hizo mbili zitachukua karibu siku 13.

Sasa geukia bcrypt, hashi iliyofanywa nzito makusudi, inayotumiwa na tovuti nyingi. Kwa gharama (kiwango cha uzito) ya 5 ambayo hupimiwa majaribio, 4090 hufikia takriban hashi 184,000 kwa sekunde. Tovuti za kweli huweka 10 au 12, na kila hatua moja huongeza kazi maradufu. Kwenye 12 unabaki na takriban 1,400 kwa sekunde. Hapo hata kadi kumi hazitakupa herufi 8 zote. Kinachofanya kazi ni orodha nzuri ya maneno.

Wi-Fi ya WPA2 ni hadithi nyingine. Watu wengi hapa hutumia namba ya simu kama nywila ya Wi-Fi. Namba zote za 07 na 01 zenye tarakimu 10 ni milioni 200. 4090, inayofanya takriban milioni 2.5 za WPA kwa sekunde, huzipitia zote kwa sekunde 80. GTX 1080 ya mwaka 2016, kwa mwendo wa laki nne hivi, huzimaliza kwa chini ya dakika 9. Tofauti ya sekunde 80 na dakika 9 haina thamani ya kadi mpya. Fundi mwenye kadi ya wastani na orodha ya maneno ya Kiswahili, Sheng, majina ya mitaa na timu za mpira, pamoja na kanuni za kubadilisha herufi, atampita mwenye kadi ghali aliyetegemea rockyou peke yake. Orodha ile ina nywila milioni 14.3 zilizovuja kutoka kampuni ya Marekani ya RockYou mwaka 2009, na humo hutakuta mtu aliyejiita likoni2019.

Kadi

RTX 4090: nunua tu kama kazi yako ni NTLM kila wiki. Kwa umeme inaotumia haina mpinzani katika kizazi chake. Mwaka 2016 mashine ya GTX 1080 nane ilifikisha NTLM bilioni 334 kwa sekunde na kadi zake zilihitaji wati 1,440. 4090 moja inakaribia hapo kwa wati 450. Ubaya wake ni mwili. Nafasi moja ya kadi kwenye madabodi ni milimita 20.32, na toleo la NVIDIA lenyewe lina unene wa milimita 61, yaani nafasi tatu kamili. Matoleo ya kampuni nyingine huzidi milimita 70. Kuweka mbili ndani ya kasha la kawaida ni kuifunga ya juu pumzi. Kuna pia kichwa cha waya cha 12VHPWR, kilichoyeyuka kwa baadhi ya wanunuzi mwishoni mwa 2022, sababu kubwa ikiwa ni kutosukumwa hadi mwisho. Kisukume mpaka pasiwe na mwanya hata wa kucha, na usikunje waya ndani ya milimita 35 za mwanzo.

RTX 5090: acha. Takriban bilioni 340 za NTLM kwa wati 575. Kasi kwenye NTLM imepanda kwa chini ya moja ya tano, umeme umepanda kwa zaidi ya robo, na joto hilo lote litabaki chumbani mwako.

RTX 3080 iliyotumika: hii ndiyo chaguo letu. Ina viini 8,704 dhidi ya 10,496 vya 3090, na kwa hashi nyingi kasi hufuata idadi ya viini na mwendo wake, wala haifuati ukubwa wa kumbukumbu. GB 24 za 3090 unazilipia bure, isipokuwa kama unakutana mara kwa mara na scrypt, hashi inayokula kumbukumbu nyingi. Isitoshe, 3090 imebandikwa nusu ya chipu zake za kumbukumbu upande wa nyuma ambako feni haifiki, na kwa hewa ya pwani upande huo ndio hulia kwanza. 3080 ina chipu zake zote mbele.

RTX 4070: nunua kama chumba hakina AC. Viini 5,888, wati 200, na kuna matoleo ya nafasi mbili. Mbili zikikimbia hazifikii umeme wa 4090 moja.

RTX A4000 ya ofisini inastahili kutajwa: nafasi moja, wati 140, na feni ya kipuliza inayotoa joto nje kupitia nyuma ya kasha. Nne zinaingia kwenye kasha moja bila kugombana. Kwa pesa hiyo hiyo kasi ni ndogo, lakini ndiyo njia safi ya kuwa na kadi nyingi ndani ya boksi lililofungwa. Kadi za feni tatu za wazi hupuliza joto ndani ya kasha, na ya pili hunywa pumzi ya ya kwanza.

Kadi za CMP zilizotengenezwa kwa uchimbaji wa sarafu, acha kabisa hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Zimefungwa njia za PCIe, zile zinazounganisha kadi na madabodi, na hazina tundu la kuunganishia skrini. Zile zenye alama ya LHR, kwa upande mwingine, hazina tatizo lolote. Kizuizi chake kililenga uchimbaji wa Ethereum na hakiigusi hashcat. Muuzaji asiyejua hilo anaweza kukupunguzia bei, nawe usimsahihishe.

Kukagua kadi iliyotumika

Ethereum iliacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi zikamwagika sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Iliyokaa chumba cha baharini bila AC ndiyo ya kuogopa. Anza na macho: tazama skrubu na bamba la chuma la nyuma. Kutu kwenye bamba, au unga mweupe au wa kijani kwenye miguu ya vipuri, ni chumvi imeshaingia. Rudisha. Zungusha kila feni kwa kidole. Inayokwaruza inahitaji kubadilishwa.

Kisha iwashe dukani kwa Windows, kwa sababu kwenye Linux amri ya nvidia-smi kwa kawaida haionyeshi joto la kumbukumbu la kadi za GeForce. Endesha kazi nzito kwa dakika 30, si tano, huku ukitazama programu ya HWiNFO. Kumbukumbu za GDDR6X, zilizomo kwenye 3080 na 3090, hujizuia zikifika nyuzi 110. Ikigusa 104 ndani ya dakika kumi, pedi zake za kupitisha joto zimekauka. Zinabadilishwa, ila muuzaji apunguze bei. Muuzaji anayekataa jaribio la nusu saa amekwisha kukujibu.

Kutoka Nairobi, kadi isafirishwe ndani ya boksi lake na sponji, kamwe isiwe imechomekwa kwenye madabodi. Matuta ya barabara ya Mombasa hung'oa tundu zima. Uliza pia waranti inafanyiwa wapi, na uandikiwe kwenye risiti, maana mara nyingi kipuri ni lazima kirudi Nairobi kwa gharama yako.

Madabodi, prosesa na kumbukumbu

Hapa ndipo watu hutupa pesa. Hashcat haihitaji SLI wala NVLink, njia za kuunganisha kadi mbili zifanye kazi kama moja. Kila kadi hufanya sehemu yake peke yake. Haihitaji njia 16 za PCIe kwa kila kadi pia. Madabodi ya Z690 au X570 inayogawa njia za prosesa nane kwa nane ni nzuri. B660 na B760 hazigawi, na lile tundu refu la pili huwa lina njia nne tu kutoka kwenye chipseti. Kwa kadi mbili za nywila, njia nne zinatosha. Ununue Threadripper, prosesa kubwa ya AMD, pale tu utakapohitaji kadi nne zenye njia kamili, na mashine ya kwanza haifiki huko.

Angalia umbali kati ya matundu mawili marefu kabla ya kitu kingine chochote. La pili likiwa nafasi ya nne na kadi yako ina unene wa tatu, zitagusana. Tafuta lenye nafasi ya tano, au utumie raisa, kiungo cha waya kinachoiweka kadi mbali na tundu lake.

Prosesa ya i5-12400 inatosha, lakini si ile yenye herufi F mwishoni. F haina michoro ya ndani, na utakosa pa kuunganishia skrini bila kula kadi moja. Kumbukumbu ya mashine iwe sawa na jumla ya kumbukumbu za kadi au zaidi: 3080 mbili za GB 10 zinataka GB 32, 4090 mbili zinataka 64. Diski ya NVMe ya TB 1. Basi.

Ukitumia orodha ya maneno bila kanuni kwenye hashi nyepesi kama NTLM, utaona matumizi ya kadi yakisoma asilimia 20 na utadhani umeuziwa kadi mbovu. Kadi ni nzima. Prosesa na waya wa PCIe haviwezi kuilisha maneno kwa kasi inayoyala. Ongeza faili la kanuni, kadi izalishe maneno yenyewe, na asilimia itapanda.

Raisa na fremu

Kwa pwani tunapendelea fremu ya wazi kuliko kasha. Fundi wa madirisha ya alumini atakukatia pembe za milimita 25 na kukutengenezea fremu kwa siku moja, kwa bei ndogo kuliko kasha la seva. Acha sentimita 6 hadi 8 za hewa kati ya kadi na kadi, na 30 kutoka ukutani. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Usitengeneze kwa MDF. Ikinyonya unyevu huvimba na kadi huning'inia. Funika pande kwa wavu wa mbu, na si kwa ajili ya mbu: mjusi kafiri hupenda sehemu yenye joto, na akilala juu ya pini za umeme wanakufa wote wawili, yeye na madabodi.

Raisa za USB zenye njia moja hufanya kazi vizuri kwa majaribio ya barakoa (kukisia kwa muundo wa herufi, bila orodha ya maneno) na kwa hashi nzito. Kosa linalochoma nyumba ni waya wake wa umeme. Kichwa cha SATA kimeundwa kwa wati 54, na kadi inaruhusiwa kuvuta hadi 75 kupitia tundu. Raisa yenye kibadilishi cha SATA, hata kama imo ndani ya pakiti, itupe. Tumia waya wa PCIe wa pini 6 moja kwa moja kutoka pawa saplai.

Pawa saplai

3080 ni wati 320. Mbili ni 640, pamoja na 100 za prosesa, feni na diski. Pawa saplai ya wati 1,000 ya 80 Plus Gold inatosha, na inabaki na nafasi ya miruko ya ghafla ambayo kadi za kizazi hicho zinasifika nayo. Kwa 4090 mbili nunua 1,500 au 1,600 yenye kiwango cha ATX 3.0, na hapa Kenya tuna bahati: kwa volti 240 soketi moja ya ampea 13 hubeba wati 3,120, mzigo ambao Mmarekani mwenye soketi ya volti 120 hawezi kuuota.

Kila tundu la pini 8 lipate waya wake kutoka pawa saplai. Waya mmoja wenye vichwa viwili kwenye kadi ya wati 320 hupata moto unaousikia kwa mkono. Na usichanganye waya za pawa saplai mbili tofauti hata kama vichwa vinaingia. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai si mmoja, na watu wameua diski na madabodi kwa njia hiyo. Rahisi ghali: kama kuna kipuri kimoja cha kununua kipya, na chenye waranti ndefu, ni hiki.

Umeme wa ukutani

Mashine ya 3080 mbili zilizopunguzwa hadi wati 240 kila moja huvuta takriban 660 ukutani. Ni yuniti 16 za tokeni kwa saa 24. 4090 mbili bila kupunguzwa ni takriban 1,130, yaani yuniti 27. Kazi ya NTLM ya herufi 9 kwa siku 13 itakula zaidi ya yuniti 350, kabla ya AC. Weka hesabu hiyo kwenye bei unayompa mteja.

Friji gadi ya ampea 5 ina mwisho wa wati 1,200, kwa hiyo 4090 mbili zinaikaribia mno. Chukua kilinzi cha ampea 13 kinachokata umeme ukipanda au ukishuka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. UPS kubwa si lazima. Hashcat huhifadhi ilipofika ukiipa jina la kazi kwa --session, na --restore huendelea kutoka hapo. UPS ya kVA 1, ambayo mara nyingi ni wati 600 tu, itazima mzigo huu papo hapo na kukuachia kelele.

Kilinzi chochote hakina maana bila eathi. Nyumba nyingi za zamani, hasa za Mji wa Kale, zina soketi ya matundu matatu na waya mbili nyuma yake. Mwite fundi wa umeme apime: kati ya laini na eathi isome karibu 240, kati ya nyutro na eathi isome karibu sufuri. Mashine isikae njia moja na pasi au pampu ya maji.

Hewa

Kila wati 1,000 ni BTU 3,412 kwa saa. Mashine ya wati 660 inatoa BTU 2,250 hivi, na AC ya 9,000 inaimudu katika chumba kidogo. Weka nyuzi 25 au 26. Wanaoweka 18 hupoza chuma mpaka hewa ya nje ikiingia mlango unapofunguliwa, jasho linatokea kama kwenye chupa ya soda. Umeme ukikatika na chumba kikajaa unyevu, subiri nusu saa kabla ya kuwasha tena.

Nyali, Bamburi na Shanzu, karibu na ufuo, panga kusafisha kila mwezi kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Changamwe au Mikindani, miezi mitatu inatosha, ila vumbi ni zaidi.

Mipangilio ya mwanzo

Kwenye BIOS washa Above 4G Decoding, la sivyo kadi ya pili inaweza isionekane. Weka Ubuntu Server na drayva ya NVIDIA, kisha:

sudo nvidia-smi -pm 1
sudo nvidia-smi -pl 240

Umeme unashuka kwa robo na kasi inashuka kwa kiasi kidogo kuliko hapo. Amri hizi hufutika mashine ikizimwa, kwa hiyo ziwekwe kwenye huduma ya systemd, inayoziendesha upya mashine ikiwaka. Hashcat hukatiza kazi kadi ikifika nyuzi 90; ishushe hadi 80 kwa --hwmon-temp-abort=80. Halafu endesha hashcat -b na uhifadhi matokeo. Miezi sita baadaye, kasi ikiwa imeshuka kwa mashine ile ile, utajua ni vumbi au pesti ya joto iliyokauka.

Mpangilio wa ununuzi tunaoushauri: fundi wa umeme, pawa saplai, fremu, madabodi na 3080 moja. Kadi hiyo ikimbie wiki nzima mchana na usiku, nawe usome mita ya tokeni kila asubuhi. Ikipita wiki bila kujizuia na bila soketi kupata joto, agiza ya pili, ya aina ile ile.